Kupima udongo wa shimo la moramu kabla ya kulirudisha kuwa shamba

Ukizunguka Arusha, kuanzia Moshono hadi upande wa Oldonyosambu, utakutana na vilima vilivyoliwa nusu. Moramu ya barabara, kokoto na mchanga wa nyumba za mji huu vimetoka kwenye ardhi ya watu waliokuwa wakilima mahindi na maharage. Malori yakishaondoka, familia hubaki na shimo na swali moja: tupande nini?

Hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni kina cha udongo uliobaki, na la pili ni maji ya mvua yanakwenda wapi. Rutuba inafuata baadaye. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu nimeona watu wakimwaga samadi tripu kwa tripu juu ya sakafu iliyoshindiliwa na malori, masika ikaja ikaisomba yote mpaka korongoni. Rutuba inaweza kuongezwa mwaka hadi mwaka. Udongo usiokuwepo hauongezwi kwa mfuko wa mbolea.

Kabla ya kushuka shimoni

Aprili 2013 kifusi kiliporomoka kwenye machimbo ya moramu ya Moshono na kuua watu zaidi ya kumi. Hawakuwa wazembe, walikuwa kazini, msimu wa mvua, chini ya ukuta uliochimbwa kwa ndani. Kwa hiyo usishuke masika imepamba moto, wala siku inayofuata mvua kubwa. Usisimame chini ya ukingo ulioning'inia hata kwa dakika ya kuchota sampuli. Tembea kwanza juu ya ukingo, mita kadhaa nyuma, ukitafuta nyufa zinazokwenda sambamba na ukuta. Ukiona ufa, eneo la chini yake halipimwi mpaka ukuta ulazwe kwa kijiko, ile mashine ya kuchimbia. Shuka na mwenzako, mmoja abaki juu akiangalia.

Halafu jua ardhi iko mikononi mwa nani. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, moramu, kokoto na mchanga ni madini ya ujenzi na huchimbwa kwa leseni. Mwenye leseni ana wajibu wa kulinda mazingira na kurekebisha eneo, kwa hiyo kabla familia haijatoa fedha yake, muulizeni mpango wake wa mazingira unasema nini. Ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiko pa kuuliza. Vipimo utakavyochukua kwa mwongozo huu vitakusaidia hata kwenye mazungumzo hayo, maana utakwenda na namba mkononi.

Hatua ya kwanza: uliza, kisha chora

Tafuta mtu aliyekuwepo kabla ya kuchimbwa, mzee wa boma jirani au kibarua aliyepakia malori. Muulize udongo mweusi wa juu ulisukumwa wapi. Mara nyingi upo, umefunikwa na mabaki ya moramu pembeni mwa shimo, na hakuna anayeukumbuka. Uliza pia malori yaliegeshwa wapi na oili ilimwagwa wapi, na kama kuna sehemu iliyojazwa takataka.

Chora ramani kwa mkono, hata kwenye karatasi ya daftari. Igawe ardhi kwa namna ilivyo: sakafu ya shimo, kingo zenye mteremko, malundo ya udongo, njia za malori na maegesho, na ardhi ambayo haikuguswa. Kila sehemu ipimwe peke yake. Ukichanganya udongo wa lundo na wa sakafu kwenye kiroba kimoja, maabara itakupa jibu la ardhi ambayo haipo.

Ardhi isiyoguswa usiiruke. Kipande cha shamba la jirani, kwenye mteremko uleule na mwamba uleule, ndicho kipimo chako. Udongo wa kusini mwa Mlima Meru unaopata mvua nyingi haufanani na wa Oldonyosambu kwenye kivuli cha mvua, upande ambao mlima unazuia mvua, na hakuna kitabu kitakachokueleza udongo mzuri wa hapo unafananaje vizuri kuliko shamba lenyewe linalozaa.

Hatua ya pili: chimba uone

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Vifaa ni vya kawaida: sururu, chepe, tepu ya kupimia, ndoo ya lita 20, chekeche, na nondo ya milimita 10 yenye urefu wa mita moja na nusu, iliyochongwa ncha.

Anza na nondo siku mbili au tatu baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu. Isukume chini kwa uzito wa mwili bila kugonga. Isimame ilipogoma, pima kina, andika. Rudia kila baada ya hatua kumi hivi ukienda mstari mmoja hadi mwingine. Kwenye shamba ambalo halijaguswa inapita sentimita 50 bila shida. Kwenye njia ya malori inaweza kugoma sentimita 10 tu, na hapo mzizi wa mhindi nao utagoma.

Kisha chimba mashimo ya kutazama, walau mawili kwa kila sehemu uliyoichora, kila moja likiwa na kina cha sentimita 60 hadi mita moja. Safisha upande mmoja kwa kisu uone matabaka. Tazama haya:

Rangi. Weusi au kahawia nzito juu ni mboji. Wekundu wa moramu ya Meru ni chuma kilichooza ndani ya mawe ya volkano, wala si dalili ya rutuba. Kijivu chenye madoa ya kutu kinaonyesha maji yanayotuama.

Mizizi. Fuata mizizi ya majani yaliyojiotea. Ikishuka wima, vizuri. Ikifika mahali ikakunja na kwenda pembeni, umepata tabaka lililoshindiliwa, au tabaka la majivu ya volkano yaliyoganda kuwa mwamba laini. Tofautisha haya mawili: lililoshindiliwa hupasuliwa kwa meno ya katapila, lakini mwamba wa majivu unaweza kuendelea mita nyingi chini.

Mawe. Jaza ndoo ya lita 20 udongo wa shimo, upitishe kwenye chekeche la matundu ya milimita 2, kisha pima kilichobaki juu ya chekeche. Tuseme mawe ni lita 8. Hiyo ni asilimia 40. Ikiwa kina mpaka mwamba ni sentimita 60, udongo halisi wenye kulisha mmea ni sawa na sentimita 36 tu. Kwa mawe mepesi yenye matundu, yale meupe yanayoelea majini, hesabu hii inapunja kidogo kwa sababu yenyewe hushika maji ndani. Kwa kokoto ngumu nyeusi iko sawa.

Wadudu na harufu. Minyoo ya ardhini ni habari njema. Kwenye lundo lililokaa muda mrefu, chimba hadi katikati: likitoa harufu ya yai bovu, udongo ule umekosa hewa na viumbe vyake vimekufa. Bado unafaa, ila utandazwe mapema na uchanganywe na samadi iliyoiva. Panaponuka dizeli au ambapo tone la maji linabiringika juu bila kuzama, weka alama. Udongo huo uchimbwe utengwe kabisa.

Hatua ya tatu: hesabu udongo wa juu ulionao

Hii ni hesabu ya dakika kumi na huamua kila kitu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kuifunika kwa sentimita 20 tu za udongo wa juu kunahitaji takribani mita za ujazo 810. Kwa lori linalobeba mita za ujazo 5, hizo ni tripu 162. Hakuna familia itakayonunua udongo huo, na ukiununua, maana yake kuna shamba jingine limevuliwa ngozi.

Kwa hiyo pima malundo. Lundo refu lenye mgongo, zidisha urefu kwa upana kwa kimo, gawanya kwa mbili. Lenye urefu wa mita 30, upana 6 na kimo 2 lina mita za ujazo 180. Ukilitandaza kwa sentimita 20 linafunika mita za mraba 900, pungufu ya robo ekari. Na kumbuka udongo wa lundo umetuna. Ukishatandazwa na kunyeshewa utashuka.

Namba hiyo ikishajulikana, uamuzi unakuwa rahisi. Ni afadhali robo ekari yenye udongo wa kutosha na iliyobaki ikaachiwa miti na majani, kuliko ekari nzima iliyopakwa udongo wa vidole viwili. Huu wa pili unaondoka na mvua ya kwanza.

Kama uchimbaji bado unaendelea, kasimamie leo udongo wa juu utengwe upande wake. Malundo yasizidi mita mbili kwenda juu, yasipitiwe na malori, na yapandwe marejea au majani ili yasisombwe.

Hatua ya nne: maji

Chimba kishimo cha kina cha sentimita 30. Kijaze maji, yaache yaishe yote ili udongo uloe, kisha kijaze tena na tazama saa. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yapo kesho yake, mizizi itaoza hapo, na tabaka la chini lazima lipasuliwe au maji yatafutiwe njia. Yakizama yote ndani ya nusu saa, umepata hali ya kawaida ya sakafu ya moramu: inapitisha kila kitu, samadi na mbolea vikiwemo. Katikati ya hali hizo mbili ndipo pa kulima.

Pima kila sehemu kwa sababu shimo moja linaweza kuwa na hali zote mbili, maegesho yasiyopitisha tone na ukingo usioshika tone, hatua chache tu kutoka hapa hadi pale.

Baada ya mvua kubwa ya vuli nenda ukaangalie kwa macho. Maji yanaingilia wapi, yanakata mfereji wapi, yanatuama wapi na kwa siku ngapi. Dimbwi lisilokauka ni hatari kwa watoto na ni mazalia ya mbu, kwa hiyo liingie kwenye ramani yako na lizungushiwe uzio mapema. Kama mnafikiria kuligeuza lambo la mifugo, peleka maji yake maabara yapimwe floraidi. Eneo la Meru linajulikana kwa floraidi nyingi majini, na kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa binadamu hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Watoto watakunywa palipo na maji, hata ukisema ni ya ng'ombe.

Hatua ya tano: vipimo vya mkononi

Chukua konzi ya udongo uliochekechwa, ulowanishe kidogo kidogo, uufinyange mpaka uwe tonge, kisha uubane kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Usipotengeneza tonge ni mchanga. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5 ni tifutifu. Ukifika sentimita 5 na zaidi ni mfinyanzi.

Tahadhari ya huku kwetu: udongo wa majivu ya volkano hudanganya vidole. Unateleza, ukiubana sana unalainika ghafla na kutoa maji, na utadhani una mfinyanzi mdogo kuliko ulionao. Kipimo cha chupa nacho, kile cha kutikisa udongo na maji na kuusubiri utulie kwa matabaka, kinavurugwa na vijiwe vyepesi vinavyoelea juu. Kwa hiyo usikate shauri kwa vipimo hivi peke yake. Hata uzito utakushangaza: sentimita moja ya ujazo ya udongo mzuri wa majivu, ikikaushwa, inaweza kuwa chini ya gramu 0.9, wakati udongo mwingi wa kawaida hukaribia 1.3. Wepesi huo ni tabia yake, si kosa la mizani.

Kipimo ninachokipenda ni cha magadi. Chukua punje kavu ya udongo yenye ukubwa wa harage, idumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usiitikise. Tumia maji ya mvua kweli, kwa sababu ya kisima yana chumvi zake na yatakupa jibu la uongo. Baada ya saa mbili itazame. Ikimeguka lakini maji yakabaki maangavu, hakuna wasiwasi. Ikizungukwa na ukungu unaosambaa mpaka maji yote yakawa kama ya kuoshea mchele, udongo una sodiamu nyingi. Huo ndio unaoganda juu baada ya mvua na kuzuia mbegu kutoka. Upande mkavu wa Meru na tambarare za chini kuelekea Moshi una udongo wa aina hiyo.

Dondoshea na siki. Ikichemka povu, kuna chokaa, na pH yake, yaani kipimo cha tindikali na magadi ya udongo, ipo juu. Kwa pH yenyewe, changanya sehemu moja ya udongo na sehemu mbili na nusu za maji ya mvua, koroga, acha nusu saa, kisha tumia karatasi za kupimia. Mazao mengi yanapenda kati ya 5.5 na 7.5. Ikipita 8.5, karibu kila mara ni sodiamu.

Hatua ya sita: sampuli ya maabara

Peleka maabara sehemu zile tu ulizokwisha kuamua kwamba zina kina na zinapitisha maji vizuri. Sehemu zilizofeli kina hazistahili gharama hiyo kwa sasa.

Kwenye kila sehemu chota vijisampuli 10 hadi 15 ukitembea kwa mtindo wa zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 20. Vichanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea wala simenti. Mwaga kwenye turubai, gawanya mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya tena, mpaka ibaki nusu kilo. Rudia kwa sentimita 20 hadi 40. Anika kivulini, kamwe si juani wala jikoni. Andika lebo kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka: mahali, kina, tarehe. Chota pia kutoka shamba la kulinganishia.

Kwa Arusha, anzia TARI Selian, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Kuna pia TARI Mlingano kule Tanga na maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Omba pH, chumvi, kaboni ogania (kipimo cha mboji), naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na uwezo wa udongo kushika virutubisho. Waambie udongo umetoka machimboni kwenye eneo la volkano. Na fosforasi waipime kwa njia ya Olsen endapo pH imepita 7, maana njia ya Bray inafaa udongo wenye tindikali.

Kusoma majibu

Kaboni ogania chini ya asilimia 1.25 ni kidogo, na sakafu ya shimo karibu yote itakuwa hapo. Naitrojeni chini ya asilimia 0.1 ni kidogo sana. Yote mawili yanarekebishwa kwa samadi na kwa mikunde: marejea, fiwi, mbaazi.

Fosforasi ya Olsen ikiwa chini ya sehemu 5 kwa milioni, mmea utadumaa. Udongo wa majivu huishikilia fosforasi kiasi kwamba mmea hauipati, hivyo mbolea iwekwe kwenye shimo la mbegu, isimwagwe shamba zima. Mbolea ya mwamba ya Minjingu inafanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Kwenye pH ya 8 itakaa tu bila kuyeyuka.

Sodiamu ikichukua zaidi ya asilimia 15 ya uwezo wa udongo kushika virutubisho, dawa yake ni jasi, na inachimbwa karibu, Makanya wilayani Same. Kiasi akuelekeze mtaalamu wa maabara kwa namba zako. Lakini jasi inaitoa sodiamu ili maji yaishushe chini. Kama kishimo chako cha hatua ya nne kilishika maji mpaka kesho yake, pasua ardhi kwanza, ama fedha ya jasi imepotea.

Hatua ya saba: uliza mmea wenyewe

Chukua makopo tisa yenye matundu chini. Matatu yajaze udongo wa shamba la kulinganishia, matatu udongo wa shimo, matatu udongo wa shimo uliochanganywa na samadi iliyoiva, sehemu nne kwa moja. Panda maharage matano kila kopo, mwagilia sawa, yakae mahali pamoja. Baada ya wiki tatu hesabu yaliyoota, pima urefu, kisha ng'oa taratibu uoshe mizizi. Udongo wenye samadi ukikaribia shamba la kulinganishia, tatizo lilikuwa njaa tu. Makundi yote mawili ya shimo yakidumaa, kuna kitu kingine, chumvi, sodiamu au oili, na samadi peke yake haitakivuka.

Sasa rudi kwenye ramani na uipake rangi. Penye kina cha udongo halisi kinachozidi sentimita 40 na maji yanayopita kwa kiasi, pangia mazao, lakini misimu miwili ya kwanza iwe ya mikunde. Penye sentimita 20 hadi 40, malisho, matete kando ya makinga maji, na miti kama mgrivea au mlusina kwenye mashimo yaliyojazwa udongo mzuri. Chini ya hapo, na kwenye kingo zote, miti ya asili na majani. Kingo zilazwe kwanza mpaka kila mita moja ya kimo iwe na mita tatu za mlalo, vinginevyo hakuna jani litakaloshika.

Masika ya kwanza ikishapita, pitisha nondo tena kwenye mistari ileile na ulinganishe na daftari. Palipopungua sentimita tano au zaidi, udongo umeshuka au umesombwa. Tafuta mfereji uliouchukua, uzibe, na ujaze kutoka lundo la akiba kabla ya mvua za vuli.